Misumari Iliyopinda

Kwa miaka arobaini na moja Mama Cherehani aliishi na mwanamume asiyejua kugomba. Majirani walimtania kuwa ameolewa na mto wa kulalia. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa. Kutwa yuko juu ya mabati, jioni anarudi amebabuka kwa jua, anakula, anasifu chakula hata kikiwa kimeungua, kisha anamtungia mkewe uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho ya mama yalichoka mapema.

Halafu kumbukumbu zikaanza kumtoka fundi. Hilo mama alilimeza. Lililomkwama kooni ni hasira za mumewe. Mtu mpole vile sasa anarusha kikombe kwa sababu chai ina moto, anamwita mkewe kibarua mvivu, na matone mawili yakigusa bati tu, huyoo, anakimbilia ngazi akazibe panapovuja. Siku moja mama alisimama mlangoni kumzuia. Fundi akamsukuma, mama akaketi chini puu. Aliinuka mwenyewe, lakini kiuno kilimuuma siku tatu.

Binti yao alikuja juu, akataka baba ahamishiwe kwake kabla hajamvunja mtu. Mama aliomba muda. Kiuno kingepona, kilichomnyima raha ni kitu kingine. Je, huyu ndiye mumewe wa kweli, aliyejificha nyuma ya adabu miaka yote ile, na sasa amechoka kujificha? Kama ndivyo, basi miaka arobaini na moja mizima alikuwa akidanganywa, na heri mzee aondoke tu.

Nesi wa kliniki aliuliza kama mzee amewahi kuumia kichwa. Mama alikana kwa kifua mbele. Mume wake, alisema, hajaanguka hata kitandani. Nesi akamwambia akikumbuka lolote arudi.

Jumamosi hiyo akaja Mrefu, aliyefanya kazi na fundi tangu ujana, na aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa mrefu. Mama alikuwa uani anaanika vitambaa vyake kwenye ngazi ya zamani ya mumewe, iliyoegemea ukutani. Ubavuni ilikuwa na misumari minne iliyopindwa, nayo ilimfaa mno kutundikia. Mrefu alimtazama, akacheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji, unaanika nguo kwenye maanguko ya mumeo."

Ikabidi aeleze. Kwenye kundi lao, fundi akianguka kutoka juu na kusimama kwa miguu yake, hupigilia msumari ngazini, huupinda, huwanunulia wote soda, na habari hazivuki kizingiti cha nyumbani kwake. Msumari wa tatu ndio uliowatisha. Fundi aliangukia kisogo, akazimika kabisa, na alipozinduka aliuliza jina lake mwenyewe.

Mama aliikumbuka siku hiyo. Mumewe alirudi anatapika, akasema ni jua. Naye, mjinga wa watu, alimshonea kofia.

"Mkanyamaza nyote?" aliuliza.

"Ungemwacha apande tena?"

"Nisingemwacha."

"Basi."

Mama alikasirika, akawaita wote wawili wendawazimu, kisha akamwekea Mrefu chai. Jumatatu alikuwa wa kwanza kliniki. Nesi alisema hawezi kuapa kuwa ni maanguko yale, maana ugonjwa wenyewe huweza kuleta ukali. Lakini madaktari wameona kuwa waliowahi kuumia vibaya kichwani, kumbukumbu zikianza kupotea, baadhi yao huwa wepesi zaidi wa kuwaka na kutenda bila kujizuia. "Ni ubongo ulioumia, mama. Si siri aliyokuwa anakuficha moyoni."

Alirudi nyumbani mwepesi. Aliilaza ngazi chini, akaifunga kamba ukutani. Mvua ikija, hamzuii tena mtu. Anampa ndoo na kumwomba, "Fundi, hebu nikagulie panapovuja," nao wanazunguka chumba kwa chumba, fundi anagonga kuta na kuwalaumu waliojenga. Vikombe bado huruka, ila vya plastiki. Binti alikuja, akaona, akapunguza maneno.

Asubuhi moja nyundo ililia uani. Mama alimkuta mumewe amechuchumaa kando ya ngazi, msumari wa tano umeshaingia, anaupinda.

"Nani ameanguka?"

"Wewe, kibarua. Si ulianguka pale mlangoni? Ukasimama mwenyewe." Alimtazama kwa heshima ya kikazi. "Soda ni juu yako."

Mama akashika kanga yake aende dukani. Fundi akamwita kutoka nyuma, sauti ameishusha.

"Na kwangu usiseme. Mke wangu akisikia habari za kuanguka, hatakula leo."

"Sitamwambia," alisema mama, akaenda kununua soda mbili.