Zamu ya Kuvizia

Harufu ya robota la mitumba linapofunguliwa haifanani na nyingine. Ni dawa ya nondo, vumbi la safari ndefu na jasho la watu usiowajua, vyote vimebanwa pamoja, na waya ukikatwa vinakurukia usoni. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida yalipoanza tena kuwa na vitu kwenye rafu, baba aliacha kuuza chumvi na viberiti akaingia kwenye nguo hizo. Siku moja, katikati ya makoti ya watoto, likatoka sanduku la karatasi ngumu lililobonyea. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye picha za watu wa mapanga na majoka, pamoja na dadu za ajabu: moja ya nyuso nne, nyingine nane, nyingine ishirini. Baba aliigeuzageuza ile ya ishirini kiganjani, akasema, "Hii haina mnunuzi Singida nzima." Akampa kaka Idrisa.

Idrisa alikuwa mtoto wa baba mkubwa, aliyetoka Kilimatinde kuja kusoma sekondari mjini, akakaa kwetu. Alikisoma kile kitabu kwa kamusi, akiandika maana pembeni kwa penseli, kisha akatuita mimi na Monica. Monica nilisoma naye darasa la tano. Kwao walikuwa Wanyiramba wa Misigiri, na baba yake alikuwa fundi magari wa shirika moja la umma. "Mimi nasimulia," Idrisa alituambia, "nyinyi ni watu wa ndani ya hadithi. Mtaniambia mnafanya nini, dadu itasema kama mmeweza." Tulichezea chumba cha nyuma cha duka, juu ya meza ya cherehani bovu, baada ya shule. Tulichora miraba kwa chaki juu ya boksi. Vifuniko vya soda vikawa sisi, punje za mahindi zikawa adui. Majoka tuliyakataa. Monica alisema hajapata kusikia joka limekula mtu, ila simba amesikia. Basi tukapigana na simba, kwenye mawe makubwa kama yale yanayouzunguka mji wetu.

Mapigano yalikwenda kwa zamu. Kila mmoja alirusha dadu, mwenye namba kubwa akatangulia. Lakini kitabu kilitoa ruhusa ya kutotumia zamu yako palepale, na ruhusa hiyo ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza Idrisa aliiita kuahirisha: unawaacha wengine watangulie, unaingia baadaye unapotaka, na tangu hapo nafasi yako katika foleni ni hiyo mpya. Ya pili aliiita kuvizia. Hapo ulitakiwa kusema mbele ya wote unasubiri jambo gani, na likitokea utafanya nini. Likitokea, unamkatiza adui katikati ya zamu yake, mara moja tu katika mzunguko. Lisipotokea, zamu yako imekwenda bure. Wahenga wamesema subira yavuta heri, na haohao wakasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Pale mezani niliona kwa mara ya kwanza kwamba methali zote mbili ni za kweli, na kwamba mtu lazima achague.

Mimi sikuwa na moyo wa kuvizia. Zamu yangu ikifika nilipiga, hata kama mbele yangu palikuwa na jiwe. Monica ndiye aliyekuwa mviziaji, na mara ya kwanza alikosea. Alisema, akinionyesha mimi kwa kidole, "Simba akimgusa Halima, namchoma mkuki." Simba akaja, Monica akaikamata dadu. Idrisa akamzuia mkono. "Umesema akimgusa. Basi kucha zimeshaingia. Halima kwanza aumie, ndipo wewe uchome." Monica alibishana hadi machozi yakamlenga, lakini kaka alikuwa kama hakimu: neno lililotoka limetoka. Tangu siku hiyo Monica alipima maneno yake kuliko mtoto yeyote niliyemjua.

Mvua zilipokaribia, shirika la baba yake likafungwa. Mafundi waliambiwa warudi makwao, naye akaamua kwenda Sekenke kujaribu kuchimba dhahabu. Siku lori lao lilipokuwa linapakiwa vitanda na masufuria, Monica alikuja mbio dukani. "Tumalize," alisema, hata salamu hakutoa. Tulikuwa tumemwacha simba nyuma ya jiwe, nami nimejeruhiwa, pigo moja tu ningekufa. Ilikuwa zamu ya Monica, na simba angefuata kabla yangu.

"Navizia," akasema taratibu. "Akichungulia tu upande wa kushoto wa jiwe, kabla hajaruka, namchoma."

"Na akipitia kulia?"

"Basi zamu yangu imepotea, na Halima amekufa."

Idrisa akasema dadu ndiyo itaamua njia ya simba: witiri kushoto, shufwa kulia. Akarusha. Ikazunguka, ikagonga gurudumu la cherehani, ikatulia. Kumi na moja. Monica akaichukua haraka; alihitaji kumi na tano kwenda juu. Alipata kumi na saba. Tulipiga kelele hadi baba akaja na futi yake ya kupimia nguo shingoni akidhani kuna nyoka. Nje, mzee wake akamwita mara mbili kwa Kinyiramba. Monica alinishika mkono, akaubana, akatoka. Sikumwona tena utotoni.

Wanangu leo wanacheza vita vya simu. Mashine inahesabu zamu, inakumbuka kila kitu, haibishani na mtu. Kila mmoja amejikunja pembeni mwake. Nikiwatazama, naitamani meza ile.

Mwaka jana nilipita Misigiri kutafuta alizeti, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye mashine ya kukamua. Alikuwa Monica, mnene, mikono inang'aa mafuta. Tulikumbatiana, tukalia kidogo. Nikamkumbusha simba, jiwe, kumi na saba. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Halima, simba simkumbuki," alisema. "Namkumbuka mama yako. Miezi ile baba hakulipwa. Nilikuwa nakuja kwenu kwa sababu mkianza mchezo, mama yako alileta sinia la chakula, na hakuniuliza kitu."

Sinia hilo mimi silikumbuki hata kidogo.