Driciru na Mkuki wa Meno Manne

Katika Koboko nzima, mtu akikwama kwenye gemu la majoka aliambiwa aende kwa Driciru. Chumba cha gemu kilikuwa chake, ni kweli, lakini watu hawakumfuata kwa ajili ya chumba. Walimfuata kwa sababu alijua silaha. Wengine wakiona upanga mkubwa unaowaka moto huukimbilia kama nzi kwenye kidonda, huingia nao pangoni, na joka huwamaliza kabla hawajauinua mara ya pili. Driciru alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, akatazama kidogo, kisha akasema:

"Upanga hiyo iko mzito kwa wewe. Chukua mkuki. Usiweke moto, weka mfupa kwa shingo ya mkuki, ndiyo haitavunjika."

Na joka lilikufa.

Ujuzi huo hakuupata kwenye televisheni. Aliupata kwa baba yake, Pitia, mhunzi wa Manibe, mzee ambaye hajawahi kushika padi ya gemu na akiiona ataidhani kisahani cha sabuni. Tangu utoto Driciru alimpulizia mivukuto, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Nyundo hakuigusa, maana nyundo ya mhunzi haikuguswa na mwanamke. Lakini macho hayakukatazwa. Alijua chuma kikiwa chekundu kama pilipili bado kikaidi, na kikigeuka rangi ya ndizi mbivu hutii. Alijua kwamba silaha haichaguliwi kwa ukubwa, huchaguliwa kwa kazi.

Alijua pia sheria za nyumba yao. Mtu akija kutaka chuma cha kuchoma, mkuki au mshale, mhunzi alimwuliza kwanza, "Ni cha mnyama gani?" Mteja alijibu mbele ya mtu mzima wa kwao. Jibu lisipomridhisha, mhunzi aliweka nyundo chini na hakuna aliyemlaumu. Mhunzi aliyefua bila kuuliza, kisha chuma kikamwaga damu ya mtu, nusu ya damu hiyo ililala nyumbani kwake. Tena, chuma kilikuwa cha mhunzi mpaka kionje damu. Akiingiwa na shaka aliweza kukifuata hata ng'ambo ya mto na kukidai, na alirudishiwa bila maneno.

Watu wa zamani walioziweka sheria hizo hawakuwa malaika. Kila nyumba ilikuwa na mishale darini, na ndiyo maana waliweka mtu wa kuuliza. Siku hizi jembe linashuka kwenye lori limepakwa rangi, na anayelinunua hajui jina la aliyelifua. Pitia alibaki na majembe yaliyovunjika ya wajane, na wiki nyingine hata hayo hayakuja.

Driciru aliolewa Koboko na dereva wa lori la Juba. Mume alikwenda safari moja akaonelea njia ya kurudi nyumbani ni ndefu mno, hakurudi, ila alimwachia televisheni mbili. Kwa hizo alifungua chumba cha gemu karibu na soko, ukuta mmoja na Rosine, mwanamke wa Kikongo aliyeuza vitenge. Akawa na miaka thelathini na sita, na kwenye skrini, ambako hapakuwa na wa kumkataza, alishika nyundo.

Jimmy alikuja kwake mwanzo wa mvua. Alikuwa mtu wa Dadamu, wa miaka kama ishirini na saba, akipakia mizigo inayokwenda mpakani. Alicheza peke yake, hakucheka. Adui akianguka, wengine husonga mbele. Jimmy alibaki palepale akaendelea kumchoma aliyekwisha kufa. Driciru aliliona hilo na halikumpendeza, lakini mteja ni mteja.

Alhamisi moja Jimmy alimwonyesha simu. Ndani yake alikuwa amechora kichwa cha mkuki chenye meno ya kunasa.

"Dada, hii iko sawa?"

Gemu lile humruhusu mchezaji kujitengenezea umbo la silaha. Driciru aliichukua simu, akatikisa kichwa, akaanza kufuta na kuchora kwa kidole.

"Meno sita iko mingi, shingo itakatika. Weka nne. Na igeuze nyuma, hivi. Hii ikiingia haitoki bila nyama."

"Haitoki kabisa?"

"Labda aliyechomwa atoke nayo," alisema Driciru, akacheka.

Jimmy hakucheka. Aliitazama picha ile muda mrefu, akashukuru, akaondoka bila kucheza. Driciru hakumwuliza neno. Kwenye gemu hakuna anayeuliza ni cha mnyama gani.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Rosine alitia kichwa mlangoni huku akikunja kitenge.

"Ule mutu yako ya Dadamu alipita hapa alfajiri, anakuaga. Anaenda kwa baba yako, Manibe."

"Mutu gani?"

"Jimmy. Anasema unamutuma wewe. Mzee anamufanyia ile mukuki umechora na mukono yako."

"Mimi sikumtuma."

"Basi anadanganya. Anasema sasa baba mudogo yake, ule Obitre, atajua mupaka ya shamba iko wapi." Rosine alikuwa bado anatabasamu. Alipoona uso wa mwenzake, tabasamu likamtoka. "Driciru. Ni ya gemu, hapana?"

Driciru alikuwa ameshika simu tayari. Alipiga simu ya baba yake mara tatu, ilikuwa imezimika. Akamwachia Rosine ufunguo, akakimbilia kituo cha boda.

Njiani alishika vyuma vya nyuma ya pikipiki mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuwa akifikiri, alikuwa akiona. Aliona meno yale manne, aliyoyageuza kwa kidole chake mwenyewe, yakipita kwenye shati la mtu mzima ambaye hajawahi kukutana naye. Alijua mahali ambapo yangekwama. Kila mwanamume aliyetembea pembeni mwa barabara na kitu kirefu kwenye gunia alimfanya ageuze shingo.

"Mama, unafukuzwa na bwana?" aliuliza mwenye boda.

"Endesha."

"Nauliza tu, ndiyo nijue kama yeye pia iko na piki."

Manibe alimkuta baba yake kibandani, makaa bado mekundu. Mzee alikuwa akitabasamu. Driciru hakuwa amemwona hivyo tangu mama yake azikwe.

"Meno manne," Pitia alisema kwa Kilugbara. "Nilipoiona picha nilisema, hii ni akili ya binti yangu. Mwingine angeweka sita."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Jua lilikuwa pale, juu ya kanisa."

"Baba, ulimwuliza ni cha mnyama gani?"

Pitia aliokota koleo, akalitazama, akalirudisha alipolitoa.

"Alisema umemtuma wewe."

"Sikukuuliza hilo."

"Miaka minne, Driciru. Miaka minne hakuna aliyekanyaga hapa kutaka mkuki. Nilitoa springi ya lori niliyoifukia tangu mama yako yu hai. Chuma kikaitika. Mkono huu ulidhani umekufa, nao ukakumbuka kila kitu. Nikasahau kuuliza."

"Hukusahau, Baba."

Makaa yalilia kidogo.

"Sikusahau," alisema mzee. "Niliogopa atanijibu."

Driciru alimweleza kuhusu Obitre na mpaka wa shamba, kwa maneno machache. Pitia alisikiliza amesimama. Alipomaliza, mzee alichukua nyundo yake, akaenda kwenye boda iliyokuwa ikingoja akapanda, akabana miguu yake mikavu bintiye apate kukaa nyuma. Mwenye boda aliitazama nyundo na safari hii hakutania.

Nyumbani kwa akina Jimmy, Dadamu, palikuwa kimya. Mama yake alikuwa sokoni. Nyuma ya nyumba Jimmy alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akiupigilia mpini kwenye mkuki kwa jiwe. Alikuwa amekwisha kuutia, alibakiza kuukaza. Ng'ambo ya ua wa minyaa jembe lilisikika, pigo, kimya, pigo, la mtu anayelima mihogo bila haraka. Driciru alingoja pigo lingine. Aliyelima alikuwa hai, na alikuwa hatua thelathini kutoka pale.

Pitia hakusalimu. Alisimama mbele ya Jimmy na nyundo yake, akanyoosha mkono mtupu.

"Nimefuata chuma changu."

Jimmy aliwatazama mmoja mmoja. "Mzee, jogoo niliyekulipa umemla?"

"Yupo, amefungwa mguu. Utarudishiwa."

"Basi mkuki ni wangu."

"Mpaka uonje damu ni wa mhunzi. Anaweza kuudai, na hakataliwi. Babu yako alijua hivyo. Mwulize yeyote."

"Niulize nani?" alisema Jimmy taratibu. "Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa mahali popote. Ilikuwa imekaa vichwani mwa watu, na watu hao walikuwa wamezikwa Manibe na Dadamu, na Pitia aliyebaki alikuwa ameivunja asubuhi ile kwa mkono wake. Akashusha mkono.

Jimmy alisimama. Driciru akaenda kwenye uwazi wa minyaa, pale pa kupita kwenda shambani, akapaziba kwa mwili wake.

"Dada, toka."

"Jimmy, rudi Koboko. Njoo ucheze siku nzima."

"Wewe ndiye uliyenichagulia. Toka."

Alimkaribia. Macho yake yalikuwa yaleyale Driciru aliyoyaona mbele ya skrini, yasiyomwona mtu aliyesimama mbele yao. Driciru alitaka kukimbia. Kila kiungo chake kilimwambia akimbie. Badala yake aliushika mkuki, na kwa kuwa mpini ulikuwa mikononi mwa mwenyewe, aliushika kwenye chuma. Jimmy akavuta.

Meno yakafanya kazi iliyochaguliwa.

Driciru hakupiga kelele nyingi, sauti moja tu, fupi. Damu ilishuka kwenye kiwiko, ikadondoka kwenye mchanga, ikaendelea. Jimmy aliitazama kama anayengoja ifutike. Haikufutika. Akauachia mkuki, ukaanguka na mpini wake, na yeye akarudi nyuma mpaka kinu kikamkalisha.

Jembe lilikuwa limenyamaza. Obitre akatokea kwenye uwazi, mwanamume mnene mwenye mvi, udongo magotini.

"Mwanangu, nani amekuumiza hivi?" Kisha, bila kungoja jibu: "Jimmy, mbona umekaa? Leta maji."

Jimmy akaleta maji. Ndiye aliyemimina, kwa kopo. Obitre alichana kipande cha shati lake akamfunga Driciru kiganja, akikaza taratibu, akimpa pole. Pitia alikuwa ameuokota mkuki na kuuzungushia kanzu yake.

"Mwambie," mzee alisema. "Aliyechagua ndiye husema."

Driciru alijaribu kumtazama Obitre usoni, akashindwa, akatazama fundo la kitambaa.

"Baba, mkuki huu ulikusudiwa wewe. Mimi ndiye niliyechagua meno yake. Baba yangu akaufua. Hatukuuliza."

Obitre alimgeukia Jimmy.

"Ni ule mstari wa mihogo wa mpakani?"

Jimmy alitazama kopo.

"Baba yako alipokufa nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka makaburini," alisema Obitre, "kwa sababu ulikataa kutembea." Alimwambia Pitia achukue chuma chake, akamwambia Driciru aende zahanati kabla mkono haujavimba. Mvua ilikuwa inakuja na mihogo ilikuwa haijapaliliwa. Akachukua jembe lake, akapita kwenye uwazi.

Wakiwa wanapanda boda, Driciru aliweza kumwona juu ya ua. Mstari aliokuwa akilima ulielekea kilimani, nyumba ikiwa mgongoni mwake. Obitre alisimama hapo kidogo, akauzunguka, akaanza kuulima kutoka ncha ya pili, ili kila alipoinua jembe uso wake uwe kwenye nyumba ile na Jimmy, aliyekuwa amerudi kukaa kinuni.