Tecla, Sauti ya Gari Letu la Korosho

Nilipopigiwa simu kutoka Newala nilikata, halafu nikapiga tena kuuliza ni Tecla yupi. Nilitaka awe mwingine.

Ni huyuhuyu. Mama Osmund wetu. Presha imemchukua jana asubuhi.

Kwa wadogo zangu humu ambao hamkumfahamu: biashara ya korosho ilipofunguliwa, kampuni binafsi zilimiminika Masasi, na kila moja ilikuwa na gari la matangazo. La kwetu nilikuwa naliendesha mimi. Sauti iliyokuwa inatoka kwenye kipaza sauti juu ya ile pickup ilikuwa ya Tecla.

Jamani, mmewahi kufanya kazi na mtu anayependa maneno kama wengine tunavyopenda pilau?

Nyumbani kwao walizungumza Chimakonde tu. Kiswahili alikikuta shuleni, na aliniambia kuwa tangu siku hiyo hakijawahi kumchosha.

Tukisimama Ndanda kula, lazima awaulize akina mama lishe ule wali unaoganda chini ya sufuria kwao wanauitaje. Mmoja akisema ukoko, mwingine matandu, basi hapo safari imeshachelewa na yeye anacheka tu.

Siku moja njiani vumbi lilijizungusha mbele yetu likapanda juu kama nguzo. Nikasema, huo upepo. Akanishika bega: "Una jina lake, Baba Fadhili. Chamchela." Alilirudia mpaka tunaingia kijijini, kama mtu anayemung'unya pipi.

Halafu ile ya Chiungutwa! Alitangaza kwamba gari la kununua korosho litafika mtondogoo. Vijana wakaangua kicheko, wakadhani ni jina la dereva.

Ikabidi waende kuuliza wazee. Wazee nao wakabishana: baada ya keshokutwa ni mtondo, na mtondogoo ndiyo inayofuata, au vipi? Kijiji kizima kililala kinahesabu siku.

Siku yenyewe ilipofika, baiskeli zenye magunia zilikuwa zimepanga foleni kabla sijazima injini. Watu wa kampuni nyingine waliotangaza kikawaida walibaki wanatukodolea macho.

Lakini msimuliaji mkweli lazima aseme na siku iliyomponza.

Bei ilikuwa inaporomoka. Bosi akampa tangazo jipya, kwamba kuanzia kesho bei "itarekebishwa kulingana na hali ya soko". Tukapanda nalo Newala, akalisoma kijiji cha kwanza kama lilivyo.

Bibi mmoja akasogea kwenye dirisha la gari. Tecla akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, kurekebisha si ndiyo kutengeneza? Basi magunia yangu nayarudisha ndani, nisubiri hiyo bei iliyotengenezwa."

Tecla aliniangalia mimi, akamwangalia yule bibi, akawasha kipaza sauti.

"Bei inashuka kesho. Anayetaka kuuza kwa bei ya leo, alete leo."

Watu walikimbia! Nilishuka kusaidia kupokea magunia, mizani haikupumzika. Na vijiji vyote vilivyofuata alitangaza hivyohivyo.

Tuliporudi Masasi bosi alikuwa ameshapata habari. Mimi nilikuwa naosha gari chini ya dirisha la ofisi, nikasikia kila kitu. Bosi alimuuliza kwa nini hakusoma alichopewa.

"Nilikisoma, bosi. Nikaulizwa maana yake, nikaisema."

Akaachishwa kazi palepale. Nilimpeleka stendi, na njia nzima hakulalamika hata kidogo. Alichosema ni kwamba yule bibi alikuwa amelielewa neno sawasawa, tatizo halikuwa lake.

Nikapewa mtangazaji mwingine, kijana mwenye sauti nzuri kweli. Tulizunguka naye vijijini, watu wanatoka, wanamsikiliza, wanauliza yule mama yuko wapi, wanarudi kwenye mikorosho yao. Tulikuwa tunashuka Masasi na gari jepesi.

Mwishowe bosi mwenyewe alipanda ile pickup, akaniambia nimpeleke Newala kwa Tecla.

Tulimkuta uani anaanika mabibo, yale matunda ya mkorosho. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Bosi akamwomba arudi kazini.

Tecla akaendelea kugeuza mabibo yake. "Nitarudi. Ila nikiulizwa maana ya neno, nitaisema."

Bosi akakubali. Kabla hatujaondoka akauliza yale mabibo makavu yanaitwaje. Mama Osmund aling'aa uso mzima: "Kochoko!" Akamfungia kifurushi. Bosi aliyatafuna mpaka tunafika chini ya mlima.

Msimu ule tulirudi tumejaza kila safari, na hakuna aliyempa tena tangazo la mafumbo.

Kampuni zile baadaye ziliondoka. Yeye aliendelea: kampeni za chanjo, harusi, mikutano ya kijiji. Popote palipohitajika watu waelewe, aliitwa Tecla.

Mwezi uliopita alinipigia, sauti imejaa furaha, hata salamu kasahau. "Baba Fadhili, mjukuu wangu kanipa neno. Kuperuzi!" Tukalicheka mpaka salio likaisha.

Leo Osmund ameniomba niendeshe gari litakalombeba mama yake kutoka hospitali hadi nyumbani. Nimekubali. Nilimwambia sitaki dereva mwingine.

Dada Tecla, nitakwenda polepole kwenye kona za mlima. Wewe pumzika. Umesema vya kutosha, na tulikuelewa. Ulale kwa amani, rafiki yangu.