Viatu Vilivyogeuzwa

Juzi dukani kwangu Kariakoo, pale ninapouza viatu vya watoto, waliingia mume na mke, vijana, na binti yao wa miaka mitatu hivi. Mtoto anatembea vidole vya miguu vimeangaliana kama vinaamkiana. Nikatazama vizuri: kiatu cha kushoto wamemvika kulia, cha kulia kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawaambia mgeuze viatu?"

Yule mke akaona haya. "Bibi yake. Anasema eti miguu itanyooka."

Nikacheka, lakini ndani kama nimetafuna shubiri. Maana hata mwanangu alikuwa na miguu kama hiyo, na aliyeniambia nimgeuzie ni bibi yake, mama mkwe wangu. Fundi viatu mmoja wa mtaa wa Gerezani akamuunga mkono, utadhani kasomea mifupa. Nikamvika mwanangu hivyo miezi miwili mizima, analia, na hilo kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilipoona malengelenge nikagoma. Ndipo mume wangu akampeleka kwa mama yake Moshi "akanyooshwe", bila kuniaga. Nilimfuata mara mbili, nikarudishwa getini.

Mwanangu alirudi bibi yake alipofariki, ana miaka tisa. Miguu imenyooka. Nilimuuliza, akasema bibi alichoka kumgeuzia viatu zamani sana. Ilinyooka yenyewe tu. Akaniamkia kwa adabu, kama anavyomwamkia jirani. Mimi nilikuwa bado namsubiri yule wa kujikwaa, aliyekuwa akija mbio kwenye koridoo, pa-pa-pa, nikamjua kabla hajafika mlangoni.

"Sasa tufanyeje, mama?" akauliza baba mtoto.

"Analalamika maumivu? Anachechemea? Au ni mguu mmoja tu?" Ndivyo daktari alivyoniuliza mimi, nilipomwendea peke yangu, mtoto keshachukuliwa.

"Wala. Anakimbia mpaka sisi tunachoka."

"Basi mwacheni. Wengi hunyooka wakikua. Mkiona anaumia au anachechemea, hospitali, siyo kwa fundi. Na bibi mwambieni aliyekataza ni mimi, aje anitukane hapa hapa."

"Huyo mama yangu atakuja kweli," mume akasema, wakacheka.

Nikachutama, nikavivua vile viatu, nikarudisha kila kimoja kwenye mguu wake. Mtoto akatoka mbio, akajikwaa kizingitini, akainuka, akaendelea.

Sikuwauzia kitu. Nilisimama mlangoni nasikiliza, mpaka honi ya basi la mwendokasi ikazimeza zile hatua.