Baba Alipokuwa na Neno

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoshuka kwenye basi pale Maganzo nikiwa na ndizi mbivu, maziwa ya kopo na kiburi cha msichana anayejitegemea. Nilikuwa natoka Geita, ambako nilikuwa nawapikia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijua kila kitu. Niliitwa nyumbani kwa sababu baba yangu alikuwa na kansa ya koo, na hospitali ilikuwa imeturudishia mgonjwa wetu. Daktari alisema wazi kwamba dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu.

Mimi sikukubali. Nilitangaza kwamba tutampeleka Mwanza, na Mwanza wakishindwa tutakwenda Dar es Salaam. Wakati tunajiandaa, nikaanza kumpigania kwa uji wa mtama. Kila baada ya muda mfupi, bakuli na kijiko.

Baba alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache hata alipokuwa mzima. Lakini siku zile alikuwa na neno, na sauti yake ilikuwa inakwisha. Aliniita mayu, yaani mama, maana nilipewa jina la mama yake.

"Mayu, nikishakwenda..."

"Baba, usijichurie! Kunywa uji."

Alikuwa anameza kwa taabu, anapumua, kisha anaanza tena. "Pale zizini, upande wa..." Nami hapo hapo na kijiko. Unajua mwenyewe, kwetu kumzungumzia mgonjwa kifo ni uchuro. Niliamini kabisa kwamba tukikitaja, kitadhani tumekiita. Siku tatu nzima nilimkatisha hivyo, na mama yangu akitutazama kutoka mlangoni.

Siku ya nne akaja shangazi Mbuke, dada mkubwa wa baba. Huyo hakuwa mtu wa kuzunguka. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kigoda akaniangalia ninavyolisha. Halafu akaninyang'anya bakuli.

"Minza, huyu ana njaa?"

"Anahitaji nguvu, shangazi."

"Nimekuuliza, ana njaa? Ndugu yangu kabakiza sauti ya maneno machache, na wewe unamziba mdomo kwa kijiko. Unamwogopea yeye, au unajiogopea wewe?"

Nilitoka nje nikalia. Kwanza nililia kwa hasira, halafu kwa aibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Baba hakuwa anaogopa. Mimi ndiye niliyeogopa kubaki bila baba, nikaiita hofu yangu matibabu. Nilinawa uso, nikarudi nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nilikukatisha. Ulitaka kusema nini?"

Akanitazama sana. "Mwiteni Masanja kwanza."

Masanja alikuwa mdogo wake, aliyeishi kijiji cha jirani, na alifika mchana huohuo kwa baiskeli. Mbele yetu sote baba akasema asipelekwe Mwanza wala kokote. Akasema tumzike kando ya zizi, upande wanakotokea ndama. Kisha akapumzika muda mrefu, tukadhani amemaliza.

"Mke wangu asihamishwe. Asirithiwe na mtu. Hii ni kaya yake mpaka naye amalize."

"Nimesikia, kaka," akasema baba mdogo.

Mama akaondoka pale mlangoni, akaja akakaa kitandani, akamshika mkono. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono kabla ya siku ile.

Aliishi siku tisa zaidi, na zilikuwa siku nzuri. Dawa ilimtuliza. Kila jioni tulimtoa nje aone ng'ombe wakirudi, akacheka kwa macho akiona ninavyokamua vibaya. Uji alikunywa alipotaka. Akafa alfajiri moja, mama akiwa kando yake, na mimi niliumia sana. Tulimzika kando ya zizi, kama alivyotaka.

Kwenye matanga wazee wa ukoo wakaanza kusema mjane ahamie kwa Masanja. Baba mdogo akasimama. "Kaka alisema nikiwepo, nami nilimwitikia." Mazungumzo yakaishia hapo. Mama aliishi katika nyumba ile miaka mingi, akifuga kuku wake na kugombana na kila mbuzi aliyethubutu kuingia shambani. Nami kila nilipomkuta hivyo, uchungu wa baba ulipungua.

Sasa na mimi ni mzee, naishi huku mjini, Ngokolo, na magoti yangu mabovu, na wanangu nimeshawaambia ninayoyataka. Kitinda mimba wangu aliziba masikio. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Basi mwanangu, mgonjwa wako akianza kuzungumzia safari yake, usimnyamazishe kwa kisingizio cha kumtia moyo. Mtafutie tiba maadamu tiba ipo, lakini muulize naye anataka nini. Kaa chini, mwache amalize, na awepo shahidi wa kusikia. Utalia tu, hilo halina dawa, lakini utalia ukijua ulimsikiliza.

Mungu awape wazazi wako miaka mingi na ng'ombe wanono. Na siku yao ikifika, akujalie uwe karibu, na moyo wako uwe na utulivu wa kusema, "Nimesikia."