Majibu Hasi

Juzi, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukoba, nilikaa benchi moja na mzee mkulima kutoka Izimbya. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Muuguzi akatoka na kusema, "Mzee, majibu yako ya kifua kikuu ni hasi."

Mzee akasimama ghafla. "Hasi? Wanaohasiwa ni mbuzi! Mimi nimekuja kupimwa kifua."

Watu tukacheka. Mkewe hakucheka, alijifunika uso kwa kitenge akaanza kulia. "Niambie ukweli, waitu," akamsihi muuguzi kwa Kihaya chake. "Atapona?"

Muuguzi akachuchumaa mbele yake. "Mama, hana kifua kikuu. Hana kabisa."

Mama akamkumbatia mumewe mbele yetu sote, mzee akabaki anatazama dari kwa aibu.

Wataalamu wetu, hata "hana" ni Kiswahili, tena halimlizi mtu.