Jilala wa katambuga na Jumatano za mkewe

Jua limeshashika mabati ya Nyahanga, mjini Kahama, na Jilala Lubinza amelikanyaga tairi la lori kwa mguu wa kushoto. Anachovya kisu majini, anavuta, anachovya tena. Mpira mgumu unaachia taratibu, na soli ya katambuga, kiatu cha tairi, inadondoka vumbini.

Mwaka huu wa 1984 viatu vya dukani vimeadimika, kwa hiyo kazi ipo. Siku nzuri Jilala anauza jozi sita, siku mbaya anarudi na moja mkononi. Kwa kisu hicho anamlisha mkewe, Justa, na watoto wanne, mkubwa wao Eufrasia.

Ila mtaani wengi walimfahamu kwa sala zake. Jilala alikuwa mzee wa kanisa, na akisimama kuomba hakai upesi.

"Niliomba mpaka sufuria zikaungua majumbani," anamwambia mwandishi, bila kucheka. "Na nilikuwa nasikiliza. Nikisikia mtu anaguna 'amina' kwa uzito, naongeza."

Kilichomkera ni kwamba, pamoja na sala hizo, mgonjwa akizidiwa hakuna aliyemtaka yeye. Watu walifika kibandani pake, wakamwamkia, halafu wakauliza, "Baba Eufrasia, Mama yupo? Tunataka akamwombee mtoto."

"Mimi mzee wa kanisa nimekaa hapo hapo, wananiruka kama tairi!" anasema Jilala. "Na Justa hata Kiswahili cha kuombea hana. Anaomba Kisukuma, maneno mawili matatu, basi. Niliumia. Mke wangu mwenyewe, lakini niliumia."

Akaamua kumzidi. Akaanza kufunga, na kila aliyepita alijua kwamba Jilala amefunga. Hakunawa uso, hakupaka mafuta. Aliegemea nguzo ya kibanda na kuvuta pumzi ndefu mpaka mteja aulize kulikoni. Sadaka yake aliinyanyua juu kabla ya kuitia kapuni.

Mwanaidi, anayekaanga mihogo jirani na kibanda hicho, alivumilia mpaka akachoka. "Nilimwambia, Baba Eufrasia, sisi tunafunga mwezi mzima na kazi zinaendelea. Wewe ukifunga siku moja, mtaa wote unaumwa njaa!"

Ni Mwanaidi huyo huyo aliyeponyokwa na neno bila kukusudia. Siku moja alimuuliza Jilala, "Mama Eufrasia hupeleka wapi lile bakuli? Kila Jumatano anapita na kitu kimefunikwa khanga, nikimwita hasimami."

Kisu kikasimama mkononi. Jilala akakumbuka kwamba Jumatano mchana mkewe hali na wenzake. Akiulizwa, husema hana njaa. Sasa wivu wa kanisani ukapata mwenzake, na huyu wa pili alikuwa mkali zaidi. Anakula kwa nani? Nani anapelekewa chakula kwa khanga?

Jumatano iliyofuata aliacha kibanda wazi, akamfuata mkewe kwa mbali. Justa alipita kisimani, akakata uchochoro, akaingia kwa Maige.

Maige! Kati ya wanaume wote wa Kahama! Huyo ndiye mkata katambuga mwingine wa Nyahanga, ambaye wateja walisema viatu vyake havimng'ati mtu kidole. Walikuwa hawasalimiani. Maige alipoanguka kutoka juu ya lori akishusha matairi, akavunjika mguu, wateja wake walihamia kwa Jilala.

"Nilimsikitikia mbele za watu," anasema Jilala. "Lakini usiku ule nililala usingizi mtamu. Andika hivyo hivyo."

Alijibanza nyuma ya ua wa mabua. Akasikia kijiko kikigonga bakuli, halafu sauti ya mkewe kwa Kisukuma, akimwomba Mulungu amwinue Maige kwa kuwa mguu umemchosha. Sala ikaishia hapo, fupi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Kisha Maige akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mwambie Baba Eufrasia nashukuru. Sikujua ana moyo huu. Mtu tusiyepeana hata salamu, leo ananilisha."

Jilala angeweza kuondoka. Aliingia. Maige akajaribu kuinuka, akashindwa, akamshika mikono yote miwili na kumshukuru, machozi yakimlenga.

"Shukrani niliyoitafuta miaka yote ndiyo ile," anasema. "Nimeipata, na sikuifanyia kazi. Iliniunguza."

Akakaa chini. "Maige, si mimi," akasema. "Sikujua lolote. Nimekuja kumfumania mke wangu."

Maige akaangua kicheko mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu. Justa hakucheka. Alichukua bakuli lake akatoka.

Njiani Jilala alimkimbilia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesimama kanisani Jumapili ukatangaza."

"Na mbona amesema ni mimi?"

"Nilimwambia kimetoka nyumbani kwa Jilala. Nyumba si yako? Nilitaka mkikutana akusalimie." Kisha akaongeza, "Chakula chenyewe ni sahani yangu. Siku hiyo nafunga. Sikukuibia kitu, na sikuwa na mwanamume."

Kwa wiki mbili Justa alimwekea mumewe chakula na kwenda kukaa na watoto. Jilala aliomba msamaha mara ya kwanza akajibiwa "sawa", na sawa ile, anasema, ilikuwa baridi. Alijiuzulu kuongoza sala. Siku hizi anaomba chumbani, mlango umefungwa, kwa Kisukuma. Jambo lililomshangaza ni kwamba, asipokuwepo wa kumsikiliza, hana mengi ya kusema.

Je, wivu umeisha?

"Umeisha wapi!" anajibu Justa, akipepeta mpunga. "Juzi watu wamekuja kuniita, nikaujua kwa jinsi alivyotua kikombe. Lakini zamani akifunga nilijua tangu alfajiri. Sasa sijui anafunga lini."

Maige ameanza kutembea kwa fimbo. Mvua zikikatika, Jilala anataka kupanua kibanda ili wakate matairi pamoja. Anakiri anaogopa. "Wateja watamchagua yeye, nami nitakuwa nimekaa pale pale natazama. Namwomba Mungu anipe tumbo la kuyameza hayo."

Juu ya nguzo ya kibanda, ndani ya kipande cha gunia, kuna jozi ndogo ya mtoto, imekatwa kwa uangalifu kuliko zote. Mwandishi anauliza ni za nani.

Jilala anairudishia gunia lake. "Wivu wangu nimekupa wote, andika," anasema, akichovya kisu majini. "Hizo ziache, hata atakayezivaa hajui."